Wekundu wa Chupa Hausemi Lolote Kuhusu Naitrojeni

Anayefuatilia mambo ya kilimo mtandaoni siku hizi lazima amekutana na ile chupa. Ni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, imeanikwa juani, na maji yake yana rangi ya damu ya mzee. Video nyingi zinatoka Thailand, Vietnam na Ufilipino, na maelekezo yake yanafanana: piga yai moja, changanya na kijiko kikubwa cha ajinomoto (kiungo cha ladha ambacho ni chumvi ya glutamati), wengine huongeza mchuzi wa samaki. Weka vijiko viwili vya mchanganyiko huo kwenye chupa ya maji, ongeza mbegu ya bakteria kama sehemu moja kwa kumi, funga, anika, tikisa kila siku. Baada ya wiki mbili hivi chupa inakuwa nyekundu, na hapo mtengenezaji anatangaza kwamba bakteria wa usanisinuru wamejaa humo na wameanza kuvuta naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo mkulima amepata mbolea ya bure.

Nusu ya kwanza ya tangazo hilo ni sahihi. Walio ndani ya chupa ni bakteria wa zambarau wanaofanya usanisinuru, jamaa ya Rhodopseudomonas palustris na Rhodobacter sphaeroides, na wengi wa jamaa hiyo wana jeni za kukamata naitrojeni ya hewani. Nusu ya pili haifuati kutoka ya kwanza. Rangi ni habari ya oksijeni na nishati. Naitrojeni ina mfumo wake wa udhibiti, tena mfumo mkali, na mapishi ya yai na ajinomoto ndiyo hasa yanayouzima. Wapo pia wanaojibu kwamba kama shida ni udhibiti, basi tuondoe breki kwa uhandisi jeni na mambo yatakuwa sawa. Hao wako karibu zaidi na ukweli, ila nao wanasahau kwamba ndani ya bakteria hawa nishati, kaboni na naitrojeni vinagombea elektroni zilezile.

Tuanze na rangi. Bakteria wa zambarau ana maisha zaidi ya moja. Penye oksijeni anapumua kama bakteria mwingine yeyote, na hahitaji mitambo ya kunasa mwanga. Oksijeni ikipungua, anajenga utando wa ndani uliojaa rangi za bakterioklorofili na karotenoidi, naye huanza kula mwanga. Uamuzi huo unafanywa na protini kadhaa kwa pamoja. PpsR, ambayo kwa Rhodobacter capsulatus inaitwa CrtJ, hukalia jeni za rangi na kuzizuia wakati oksijeni ni nyingi. FnrL huamka oksijeni inapokwisha. Juu yao kuna jozi ya RegB na RegA, ambayo kwa R. sphaeroides huitwa PrrB na PrrA. RegB imekaa kwenye utando na inahisi hali ya kwinoni, yaani wabebaji wa elektroni wa humo ndani. Wabebaji wakijaa elektroni, RegB hujibandika fosfeti na kuipitisha kwa RegA, nayo RegA huwasha jeni za mitambo ya mwanga. Katika mlolongo huo wote hakuna anayeuliza kama amonia ipo au haipo. Hata mwanga wenyewe si sharti: R. sphaeroides akipunguziwa oksijeni gizani bado hutengeneza rangi.

Kuna jambo moja dogo hapa ambalo linapaswa kuwasumbua wauzaji wa chupa. R. sphaeroides aliyekuzwa kwenye mwanga bila oksijeni kabisa huwa na rangi ya kahawia inayoelekea unjano, kwa sababu karotenoidi yake kuu ni sferoideni. Oksijeni kidogo ikiingia, kimeng'enya CrtA huigeuza kuwa sferoidenoni, na chupa inakuwa nyekundu. Wenzake R. palustris na Rhodospirillum rubrum wana wekundu wao wa spiriloksanthini hata bila oksijeni, kwa hiyo huwezi kutoa kanuni moja kwa wote. Lakini kwa asiyejua ni aina gani anayo kwenye chupa, wekundu mkali unaweza kuwa ishara kwamba kifuniko kinavuja. Naye adui wa kwanza wa kimeng'enya cha naitrojeni ni oksijeni hiyohiyo.

Sasa naitrojeni. Kimeng'enya kinachoivunja, naitrojenasi, ni ghali kupita kiasi. Kwa kila molekuli moja ya naitrojeni kinatumia elektroni nane na ATP 16 (ATP ndiyo sarafu ya nishati ya seli), kinatoa amonia mbili, na humo humo elektroni mbili zinaishia kwenye haidrojeni. Tena ni kizito wa kazi, kinazunguka mara chache tu kwa sekunde, hivyo bakteria anayekihitaji hulazimika kukitengeneza kwa wingi. Ndiyo maana hakuna bakteria anayekiwasha bila kulazimika. Kwanza seli hupima glutamini, asidi amino inayobeba naitrojeni ndani yake. Glutamini ikipungua, kimeng'enya GlnD hubandika alama ya uridini kwenye protini ndogo za kundi la PII, ambazo ni GlnB na GlnK. Hapo NtrB inapata nafasi ya kuipa NtrC fosfeti, NtrC inawasha jeni ya nifA, na NifA ikishirikiana na sigma 54, protini inayoanzisha usomaji wa jeni, inawasha jeni za nifHDK zinazojenga naitrojenasi yenyewe. Si kila aina inafuata njia hii hatua kwa hatua. R. rubrum hahitaji NtrC ili kutengeneza NifA, bali anahitaji GlnB yenye alama ya uridini ili NifA ifanye kazi. Matokeo ni yaleyale: amonia ikiwepo, jeni hazisomwi.

Na hata zikiwa zimeshasomwa, kazi inaweza kusimamishwa. Mwaka 1976 Paul Ludden na Robert Burris walionyesha kwamba protini ya chuma ya naitrojenasi ya R. rubrum inahitaji kuamshwa na kitu kingine kilichomo kwenye seli. Baadaye ikafahamika kwamba kimeng'enya DraT hubandika kipande cha ADP-ribosi kwenye arginini ya 101 ya protini hiyo, na kingine, DraG, hukibandua. Mwaga amonia kidogo kwenye chupa ya R. rubrum inayofanya kazi, na ndani ya dakika chache naitrojenasi imelala, ingawa bado ipo nzima. Izime taa, italala vilevile, kwa kuwa nishati ya mwanga imekatika. R. sphaeroides kwa asili yake hana DraT wala DraG, jambo linalomfanya apendwe na watafiti wanaotaka bakteria watoe gesi ya haidrojeni.

Tukirudi kwenye yai, hesabu inakuwa rahisi. Yai moja lina protini ya gramu sita hivi, sawa na gramu moja ya naitrojeni. Kijiko kikubwa cha ajinomoto, tuseme gramu 13, kina naitrojeni ya asilimia 7.5, yaani gramu moja nyingine. Tuseme mchanganyiko huo unatosha chupa tatu: kila chupa imepewa zaidi ya nusu gramu ya naitrojeni kutoka jikoni. Hewani imepata nini? Maji ya nyuzi 30 yaliyoshiba hewa yana takriban miligramu 13 za gesi ya naitrojeni kwa lita. Chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa hadi shingoni ina miligramu 20. Tuseme mkulima anaifungua na kuitikisa kila siku kwa siku 14, naitrojeni inajaa upya kila mara, na bakteria wanaila yote bila kubakiza. Hapo atakuwa amepata chini ya miligramu 300, bado nusu ya kile alichonunua dukani. Na hiyo ni ndoto, kwa sababu kila anapofungua kifuniko anaingiza na oksijeni.

Kisha uangalie uwiano wa kaboni na naitrojeni, maana hapo ndipo mapishi yanapoharibikia. Maabara zinazotaka naitrojenasi ya R. sphaeroides iwe wazi huwapa bakteria asidi ya maliki milimola 15 kwa lita, ambayo ni gramu mbili, na glutamati milimola 2, ambayo ni chini ya nusu gramu ya ajinomoto. Huongeza chuma na molibdeni kidogo, hurekebisha pH iwe karibu na 6.8, hutoa hewa yote na kuweka gesi ya agoni, kisha huacha nyuzi 30 chini ya taa. Humo kuna kaboni 35 kwa kila naitrojeni moja. Bakteria ana chakula cha kutosha ila ana njaa ya naitrojeni, na njaa hiyo ndiyo inayofungua jeni. Ajinomoto yenyewe ina kaboni tano kwa naitrojeni moja, na protini ya yai haifiki hata hapo. Kijiko kikubwa kwa chupa tatu ni milimola 15 za glutamati kwa lita, mara saba na zaidi ya kipimo cha maabara, bila malati (yaani asidi ya maliki) yoyote. Bakteria wa kuoza wanaoingia na yai huvunja protini na kumwaga amonia. Ile harufu inayokupiga puani ukifungua kifuniko ni sehemu ya ushahidi. Bakteria wa zambarau wanashiba, wanaongezeka upesi, wanakuwa wekundu kweli kweli, na naitrojenasi yao haina kazi yoyote ya kufanya.

Watetezi wa chupa wana hoja kadhaa, na si zote dhaifu. Iliyo nzito inasema mimea hunufaika hata bila naitrojeni ya hewani. Inawezekana sana. Bakteria hawa hutoa asidi ya aminolevulini, ambayo ni malighafi ya klorofili. Wana karotenoidi na vitamini za kundi B, na mizoga yao ikioza inaachia fosfeti na naitrojeni polepole. Baadhi yao huondoa salfaidi haidrojeni kwenye tope la majaruba, na mizizi ya mpunga hupumua. Mtu akisema chupa yake ni kichocheo cha mimea, sina ugomvi naye, mradi aonyeshe jaribio lenye sehemu ya kulinganisha iliyopewa yai na ajinomoto vilevile bila bakteria. Hoja ya kati inasema ajinomoto imechaguliwa kwa sababu glutamati haizimi naitrojenasi kama amonia inavyofanya. Hilo ni kweli kwa kipimo kidogo, na pengine ndivyo mapishi yalivyoanza. Kwa kipimo cha kijiko kikubwa, glutamati ikiwa ndiyo chakula peke yake, naitrojeni ya ziada hutoka nje kama amonia na mlango unajifunga.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: mapovu. Chupa inatoa mapovu, basi kuna kitu kinafanyika na naitrojeni. Kukamata naitrojeni hula gesi ya naitrojeni, hakuongezi jumla ya gesi. Mapovu ya chupa ya yai ni hewa ya ukaa na gesi nyingine za uozo. Na kama kwa bahati naitrojenasi ipo wazi na naitrojeni imekwisha ndani ya chupa, basi mapovu ni haidrojeni, kwa sababu kimeng'enya kikikosa naitrojeni huelekeza elektroni zote kwenye protoni. Howard Gest na Martin Kamen waliripoti haidrojeni hiyo ya R. rubrum mwaka 1949. Ni ushahidi wa naitrojenasi inayofanya kazi, lakini kazi hiyo haikutoa hata chembe moja ya mbolea.

Haidrojeni hiyo ndiyo inayotupeleka kwa kundi la pili, wanaotaka kuondoa breki. Hapa kuna jaribio ambalo kila anayezungumzia jambo hili angepaswa kulijua. Mwaka 1996 Joshi na F. Robert Tabita, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, walichapisha habari za bakteria wa zambarau walionyang'anywa mzunguko wa Calvin, njia ya kukamata hewa ya ukaa. Ungetarajia bakteria anayekula malati asijali, kwani kaboni anayo tele. Kumbe alijali sana, akashindwa kukua kwenye mwanga bila oksijeni. Sababu ni kwamba kula malati au asetati (asidi ya siki) kunazalisha elektroni nyingi kuliko zinazohitajika kujenga seli, na bila oksijeni hakuna pa kuzitupa. Mzunguko wa Calvin ulikuwa ndio mfereji wa kutolea ziada hiyo. Kisha wakajitokeza bakteria waliobadilika wenyewe, wakaanza kukua. Hao walikuwa wamewasha naitrojenasi kwa wingi mbele ya amonia, kinyume cha kanuni zote nilizoeleza hapo juu, na walikuwa wakimwaga elektroni kama haidrojeni. Jozi ya RegB na RegA, ileile inayosimamia mitambo ya mwanga na mzunguko wa Calvin, ndiyo iliyokuwa nyuma ya jambo hilo.

Maana yake ni nzito. Kwa bakteria huyu naitrojenasi si kiwanda cha mbolea tu. Ni mojawapo ya milango ya kutolea elektroni, na mashinikizo ya elektroni yanaweza kushinda hata amri ya amonia. James McKinlay na Caroline Harwood waliipima hali hii kwa kaboni yenye alama mwaka 2010. R. palustris aliyekula asetati aligeuza asilimia 22 yake kuwa hewa ya ukaa, kisha akairudisha ndani asilimia 68 ya hewa hiyo kwa mzunguko wa Calvin, na kwa njia hiyo alipunguza karibu nusu ya elektroni alizokuwa amezilimbikiza. Kabla ya hapo, mwaka 2007, maabara ya Harwood ilikuwa imepata bakteria wenye mabadiliko katika jeni moja tu, nifA, ambao hutengeneza naitrojenasi na haidrojeni hata amonia ikiwepo. Kwa hiyo breki inaondoka, tena kirahisi. Swali ni unapata nini baada ya kuiondoa. Mzunguko wa Calvin ukiachwa wazi unaendelea kudai sehemu yake ya elektroni. Ukiufunga, zote zinakwenda kwa naitrojenasi, lakini chakula nacho kinaamua: butirati (asidi ya siagi) ina elektroni nyingi, malati ina chache. Hakuna badiliko la jeni moja litakalokupa amonia nyingi kutoka bakteria ambaye chakula chake hakina elektroni za ziada, au ambaye amekaa gizani saa 12 kati ya 24.

Na amonia ikitengenezwa, lazima itoke nje ya seli ndipo mmea uipate. Kikundi cha McKinlay kilitumia R. palustris mwenye nifA iliyobadilishwa kuishi pamoja na E. coli, bakteria wa utumboni. E. coli alichachusha sukari na kumpa mwenzake asidi, naye akavujisha amonia ya kumlisha E. coli. Walipomwondolea AmtB, protini inayorudisha ndani amonia iliyovuja, uvujaji ukaongezeka. Huo ni ushirikiano wa kweli, ila uliwahitaji washirika wawili, chakula kilichopangwa na mwanga wa kudumu. Asili ilitatua tatizo hilo zamani ndani ya azola, ule mmea mdogo unaoelea majarubani: sianobakteria wanaokaa kwenye majani yake wana upungufu wa kimeng'enya cha kuifunga amonia kwenye glutamini, kwa hiyo sehemu kubwa inavuja kwenda kwa mmea. Mkulima wa mpunga anayetaka naitrojeni kutoka kiumbe kinachokula mwanga ana sababu nzuri zaidi ya kuangalia azola kuliko chupa.

Kwa wanaouza, kipimo cha ukweli hakihitaji mtambo mkubwa. Karatasi za kupima amonia zinazotumiwa na wafuga samaki zitaonyesha mara moja kama chupa imejaa amonia, na ikiwa imejaa, madai ya naitrojeni ya hewani yafutwe kwenye lebo. Anayetaka kusisitiza apeleke sampuli maabara. Kwenye chupa ndogo isiyo na hewa huwekwa asetilini asilimia kumi, mwanga, saa moja, kisha hupimwa ethilini kwa kromatografia ya gesi, kwa kuwa naitrojenasi huigeuza asetilini kuwa ethilini. Sampuli ya pili iwe na amonia iliyoongezwa makusudi. Zote mbili zikitoa sifuri, jibu limepatikana. Mamlaka za udhibiti wa mbolea zingeweza kudai kipimo hicho kabla ya kuruhusu neno naitrojeni kwenye kifungashio. Suala la afya nalo lisipuuzwe: yai lililokaa wiki mbili kwenye joto la nyuzi 30 ni makazi mazuri ya salmonela, na kumwagia mchicha au saladi kwa maji hayo ni kujitafutia balaa, rangi iwe nyekundu namna gani.

Halafu kuna gharama. Chupa iliyokolea vizuri huwa na gramu moja hadi mbili za bakteria wakavu kwa lita, na kiasi cha asilimia kumi ya uzito huo ni naitrojeni. Ili kufikia naitrojeni iliyomo kwenye mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, yaani kilo 23, utahitaji si chini ya lita 115,000 za maji mekundu. Na kwa kuwa naitrojeni yenyewe ilitoka dukani, linganisha: kilo moja ya ajinomoto inabeba gramu 75. Kilo moja ya urea inabeba 460.